Soksi Kutoka kwa Mtu Usiyemjua

Kifurushi kikifika, mfumaji mzoefu hakimbilii mkasi. Kwanza anakigeuzageuza. Anasoma muhuri wa posta, anachunguza mwandiko wa anwani, anakipima uzito kwa mkono, na kama kimevuka mpaka anatafuta kile kikaratasi cha forodha kilichobandikwa pembeni. Aliyemtumia anajua ukubwa wa mguu wake, rangi asizoweza kuzivaa hata kwa dawa, na kwamba manyoya ya mbuzi wa angora humwasha shingoni. Yeye, kwa upande wake, hajui hata jina la huyo mtu.

Huu ni mchezo ambao wafumaji wa Marekani, Kanada, Ulaya na Australia wameucheza kwa zaidi ya miaka 20. Anayejiandikisha hupewa jina la mtu mmoja wa kumtumia zawadi kwa siri, na wakati huohuo jina lake liko mikononi mwa mtu mwingine asiyemjua. Kwa mwezi mmoja, miwili au mitatu, anatuma na kupokea. Ndani ya vifurushi mna uzi, sindano, vikorokoro vya ufumaji, kitu cha kutafuna, na mara nyingi kitu kilichofumwa kwa mkono. Mwisho wa mzunguko majina hufichuliwa.

Kutoa zawadi kwa siri si jambo geni kwetu. Katika ofisi nyingi za Dar es Salaam na Nairobi, Krismasi ikikaribia, vikaratasi vyenye majina hukunjwa, vikatiwa kwenye bakuli, na kila mtu akaondoka na jina la mfanyakazi mwenzake. Lakini ofisini unamfahamu uliyemwokota. Ukikosa wazo kabisa, unamnunulia kikombe na maisha yanaendelea. Mfumaji hana njia hiyo ya mkato. Aliyepangiwa anaweza kuwa yuko Helsinki, mwenyewe yuko Ohio, na kinachowaunganisha ni kwamba wote wawili jioni hukaa na sindano mkononi.

Mambo yalishika kasi mapema miaka ya 2000, pale ufumaji, ambao Amerika Kaskazini ulikuwa umeachiwa mabibi, uliporudi kwa kishindo miongoni mwa wanawake vijana. Jarida la Knitty lilianza Kanada mwaka 2002. Mwaka uliofuata Debbie Stoller wa New York alitoa kitabu cha kufundisha kufuma, Stitch 'n Bitch, nacho kikanunuliwa kama njugu. Wengi wa wafumaji hawa wapya hawakuwa na shangazi wa kuketi naye barazani akawaonyesha pale walipokosea. Walitafutana kwa intaneti, wakaanza kutumiana uzi. Mfumaji na mwandishi wa Marekani, Alison Hansel, aliendesha mabadilishano yaliyoitwa Sockapalooza, ambamo kila mshiriki alifuma jozi nzima ya soksi kwa ajili ya miguu ambayo hakuwahi kuiona. Mwaka 2007 ukazinduliwa mtandao wa Ravelry, ambao baadaye ulikusanya mamilioni ya wafumaji mahali pamoja, na kumpata mtu wa kubadilishana naye kukawa jambo la siku moja.

Anayejua soksi za dukani tu huenda asione ukubwa wa zawadi ya jozi iliyofumwa kwa mkono. Soksi za mtu mzima hufumwa kwa sindano nyembamba, aghalabu za milimita 2.25 au 2.5, kwa vitanzi vipatavyo 64 katika kila mzunguko. Ukihesabu mizunguko 150 kutoka mdomo wa soksi hadi vidoleni, soksi moja ina vitanzi karibu 10,000, kisigino hakijahesabiwa. Jozi hula takriban gramu 100 za uzi, yaani kiasi cha mita 400. Ni kazi ya jioni nyingi, ilhali dukani soksi huuzwa kwa bei isiyofikia hata ya uzi wenyewe. Hesabu ya fedha haina nafasi hapa, na waandaaji wanalijua hilo: wengi huweka kikomo cha matumizi, ili mwenye pesa asimfunike mwenye muda.

Moyo wa mchezo wote ni dodoso.

Kabla ya kupangiwa mtu, kila mshiriki hujaza maswali, na majibu hayo ndiyo karibu yote atakayokuwa nayo mtumaji wake. Unafuma kwa sindano mbili au unatumia kroshia? Umeanza lini? Uzi gani unaupenda, na upi hutaki hata kuugusa? Sufu inakuwasha? Wayo wako una sentimita ngapi? Chai au kahawa? Unafuga paka? Nyumbani kuna anayevuta sigara? Unakula nyama?

Yote hayo yana sababu. Sigara imo kwa kuwa sufu hunasa harufu na haiiachi kirahisi. Uzi uliokaa mwaka mzima sebuleni kwa mvutaji unaweza kumfukuza mpokeaji kabla hajaufungua. Paka wamo kwa ajili ya wenye pumu. Asiyetumia chochote kitokacho kwa mnyama hatafurahia sufu wala hariri, hata ziwe za bei gani. Huyo anatafutiwa pamba au kitani. Swali lenye faida kubwa kuliko yote, kwa maoni ya mwandishi huyu, ni lile la vitu usivyovitaka. Watu huyajibu mapenzi yao kwa ulegevu, lakini chuki zao wanazijua barabara. Anayeandika "napenda rangi zote" amemfunga mtumaji wake kitambaa machoni. Anayeandika "msiniletee rangi ya chungwa, nilivaa sare ya rangi hiyo miaka saba" amempa ramani.

Hapo ndipo ubora wa mtumaji unapoonekana. Tuseme mpokeaji ametaja kwa kupita tu kwamba hufuma ndani ya treni akienda kazini. Mtumaji mvivu atampelekea madonge mawili ya uzi mzuri, basi. Mtumaji makini atawaza safari yenyewe. Atatafuta mfuko mdogo wa kuingia kwenye pochi, sindano za mbao zisizogongana na kumkera abiria jirani, na mfano wa kufuma unaoweza kukaririwa kichwani ili karatasi isipeperuke. Thamani ya vitu hivyo inaweza kuwa nusu ya yale madonge mawili. Lakini akivitoa kimoja kimoja, mpokeaji atagundua kwamba kuna mtu, mahali fulani, alikaa akasoma sentensi yake ya kupita na kuitilia maanani. Wanaoeleza furaha ya siku hiyo mara nyingi huanzia hapo, bei ikaja baadaye au isije kabisa.

Kazi ya kupanga nani amtumie nani nayo ina mitego yake. Mtu angedhani inatosha kutia majina kwenye bakuli. Haitoshi, na hisabati inasema kwa nini: kila mtu akichota jina bila mpangilio, uwezekano wa kwamba angalau mmoja atachota jina lake mwenyewe ni karibu asilimia 63. Ajabu ni kwamba kiwango hicho hakibadiliki sana, wawe watu 10 au 1,000. Ndiyo maana waandaaji wengi huacha bakuli na kupanga duara: wa kwanza anamtumia wa pili, wa pili anamtumia wa tatu, hadi wa mwisho anamrudia wa kwanza. Halafu huanza kuhamisha watu ndani ya duara, huyu asiyeweza kugharamia posta ya nje apewe wa nchini mwake, yule wa sufu asikutane na wa pamba.

Duara hilo linafanya jambo ambalo jozi haiwezi kufanya. Watu wawili wakipeana moja kwa moja, mizani inawekwa mezani mara moja: wewe umenipa nini, mimi nimekupa nini? Mwaka 1925 msomi wa Ufaransa, Marcel Mauss, aliandika kwamba zawadi hubeba wajibu wa aina tatu: kutoa, kupokea, na kurudisha. Alitumia sana maelezo ya Bronisław Malinowski, ambaye mwaka 1922 alichapisha utafiti wake kuhusu visiwa vya Trobriand, katika nchi ambayo leo ni Papua New Guinea. Huko wanaume walisafiri kwa mitumbwi kutoka kisiwa hadi kisiwa wakipeana mikufu ya kombe nyekundu iliyozunguka upande mmoja, na bangili za kombe nyeupe zilizozunguka upande wa pili. Katika duara la wafumaji deni lipo vilevile, ila anayekudai si unayemlipa. Ni kama upatu ambao wanachama wake hawajaambiwa nani amepeleka hela kwa nani. Huwezi kupunguza mkono kwa sababu ulichopokea kilikuwa kidogo; uliyepangiwa hana kosa. Wala huwezi kujipendekeza kwa aliyekutendea vyema, maana humjui.

Kwa hiyo siri si pambo la kuongeza utamu tu. Ndiyo inayoizuia zawadi isigeuke biashara.

Siri hiyo, hata hivyo, ina adui mkubwa anayeitwa posta. Umoja wa Posta Duniani, ulioanzishwa Bern mwaka 1874, una fomu zake za forodha, na ya vifurushi vidogo inajulikana kama CN22. Inataka kilichomo kitajwe, uzito, thamani, na sahihi. Kwa maneno mengine, mpokeaji anaweza kusoma nje ya kifurushi: soksi, jozi moja, uzi wa sufu, chai. Wapo watumaji wanaoandika herufi ya kwanza tu ya jina na ukoo. Wapo wanaomwomba jirani aandike anwani ili mwandiko usijulikane, na wapo wanaompa rafiki anayesafiri akatume kutoka mji mwingine, ili muhuri upotoshe. Kuandika uongo kuhusu vilivyomo ni jambo jingine. Hapo mchezo umekwisha na sheria imeanza.

Ndani ya boksi, desturi ni kukifunga kila kitu peke yake, hata kiwe kidogo vipi, ili kufungua kuchukue muda. Uzi ndio bwana harusi. Unaopendwa kwa soksi ni mchanganyiko wa sufu ya kondoo wa merino na nailoni, mara nyingi asilimia 75 kwa 25, kwa sababu sufu inatoa joto na nailoni inazuia kisigino kisitoboke. Unaothaminiwa zaidi ni ule uliotiwa rangi kwa mkono, usiopatikana duka la mji wa mpokeaji. Kisha kuna vijipete vya kuwekea alama kwenye sindano ili hesabu isipotee, futikamba ndogo, sindano ya kushonea ncha, kadi ya posta yenye picha ya mji. Zawadi za kula huwa ni za kwao mtumaji, biskuti au peremende ambazo upande wa pili hawajazionja.

Chokoleti ina kanuni yake: isitumwe wakati wa kiangazi. Ikiyeyuka juu ya sufu nyeupe, hakuna atakayeokolewa, si chokoleti wala sufu. Na Mjerumani anayemtumia Mmarekani yale mayai ya Kinder yenye kichezeo ndani yake huyapoteza mpakani, kwani sheria ya chakula ya Marekani ya mwaka 1938 inakataza kitu kisicholika kufichwa ndani ya peremende. Australia na New Zealand ni wakali zaidi. Mbegu, maua makavu, hata chai yenye vipande vya maganda ya matunda vinaweza kuzuiwa na maofisa wanaolinda mashamba ya nchi.

Kuna pia mgeni asiyeandikwa kwenye fomu, naye ni nondo wa nguo. Nondo mwenyewe hali kitu. Viwavi wake ndio wanaotafuna sufu, nywele na manyoya. Donge moja lenye mayai yake likiingia kwenye kabati la mfumaji mwenye akiba ya miaka kumi, hasara haisemeki. Kwa hiyo baadhi ya wapokeaji, pamoja na shukrani zote, huutia uzi mpya kwenye mfuko wa plastiki na kuuweka kwenye friza siku kadhaa kabla ya kuukaribisha na wenzake. Si kutomwamini mtumaji. Hata mwenye nyumba safi kabisa anaweza kuwa na nondo bila kujua.

Kufuma kwa ajili ya mtu usiyemwona kuna historia ndefu kuliko mchezo huu. Katika Vita Kuu ya Kwanza askari walisimama siku nyingi kwenye mahandaki yenye maji, miguu ikavimba na kuoza. Soksi kavu zilikuwa dawa. Wanawake na watoto wa shule wa Uingereza, Kanada, Australia na Marekani walifuma kwa wingi usio wa kawaida. Mfuko wa faraja kwa askari wa Australia peke yake ulipeleka zaidi ya jozi milioni 1.3. Baadhi ya wafumaji walitumbukiza kijibarua ndani ya soksi, chenye jina na anwani, na baadhi ya askari walijibu. Mshono unaofunga vidole vya soksi bila kuacha ukingo wa kuchubua ngozi mpaka leo unaitwa kwa jina la Lord Kitchener, waziri wa vita wa Uingereza aliyekufa baharini mwaka 1916.

Riga, mji mkuu wa Latvia, ulifanya jambo la namna hiyo wakati wa amani. Mkutano wa wakuu wa nchi za NATO ulipofanyika huko Novemba 2006, wageni walipewa glavu za sufu zilizofumwa kwa mkono na wanawake wa nchi hiyo, jozi 4,500, kwa michoro ya jadi ya mikoa yao. Jenerali aliondoka na kazi ya bibi ambaye hawatakutana kamwe. Njoro, karibu na Nakuru, kikundi cha Kenana Knitters kimekuwa kikifanya kinyume chake tangu 1998. Wanawake hufuma wanasesere wa wanyama kwa sufu iliyosokotwa kwa mkono, na lebo humtaja aliyefuma. Mnunuzi wa Ulaya anamjua mfumaji kwa jina, mfumaji ndiye asiyejua twiga wake amelala kitandani kwa mtoto gani.

Turudi kwenye mabadilishano, kwa sababu si yote huenda vizuri. Duara lina udhaifu mmoja: mtu mmoja akikatika, kuna mwingine anayesubiri kifurushi kisichokuja. Wengine huugua, wengine hufukuzwa kazi, na wapo wanaopokea zao kisha wakapotea kama moshi. Waandaaji wamezoea, huweka orodha ya watu wa akiba, ambao kwa mazungumzo ya mchezo huu huitwa malaika, waliokubali mapema kutuma kifurushi cha pili kwa yeyote aliyeachwa. Malaika huwa na siku chache tu, kwa hiyo soksi haziwezekani. Wengi hukimbilia kitambaa cha kuoshea vyombo, cha uzi wa pamba, kinachomalizika jioni moja na hakihitaji kipimo cha mtu.

Kosa la pili ni la mpokeaji, na kwa watumaji wengi linauma zaidi kuliko kuachwa: kunyamaza. Aliyefuma vitanzi 20,000 hana haja ya sifa nyingi, lakini anataka kujua kama soksi zimemwenea mpokeaji. Zikipita wiki mbili za kimya, anaanza kulaumu posta. Zikifika nne, anaanza kujilaumu mwenyewe, pengine kisigino kilibana, pengine ile kijani ilikuwa mbaya. Kanuni za mabadilishano mengi humtaka mpokeaji atoe taarifa siku kifurushi kinapofika, kupitia kwa mwandaaji kama majina hayajafichuliwa.

Ufichuzi wenyewe huja na kifurushi cha mwisho, kwenye kadi. Wengine hustuka, wengine walikwisha kubahatisha tangu muhuri wa kwanza. Baada ya hapo mambo huenda kila upande. Kuna wanaoandikiana miaka, wakajuliana watoto na maradhi, na kuna wanaoshukuruana kwa adabu wakaachana.

Kilichobadilika sana ni gharama. Mei 2007 posta ya Marekani iliacha huduma yake ya kawaida ya kupeleka vifurushi ng'ambo kwa meli, ile ya polepole na nafuu, na kila kitu kikapanda ndege. Tangu Januari 2021, kifurushi kutoka Leeds kwenda Berlin kinahitaji fomu ya forodha ambayo hakikuihitaji Uingereza ilipokuwa ndani ya soko la Ulaya. Zawadi ya mtu binafsi kuingia Umoja wa Ulaya haitozwi kitu ikiwa thamani yake haizidi yuro 45. Agosti 2025 Marekani nayo iliondoa msamaha wa ushuru kwa mizigo isiyozidi dola 800. Zawadi za kweli zisizozidi dola 100 ziliachwa, lakini posta za nchi kadhaa zilisimamisha kwa muda kupokea vifurushi vingi vya kwenda huko.

Matokeo yake, swali la "uko tayari kutuma nje ya nchi?" linazidi kujibiwa kwa hapana, na baadhi ya maduka ya uzi na vyama vya wafumaji vinaendesha maduara yao ndani ya mji mmoja. Kifurushi huachwa kaunta kikiwa na namba badala ya jina, na mwenye namba hukichukua akija kununua uzi. Stempu hazihitajiki tena. Ila wanachama wanafahamiana mno, kila mmoja anaujua mkono wa mwenzake, nani hukaza vitanzi na nani huvilegeza, kiasi kwamba lebo huchapwa kwa mashine na bado, soksi zikishafunguliwa, nusu ya duka inamjua aliyezifuma.